Toa Mahali Yote

Ukimtuma Aryemo kitu, mkono wake ulikuwa njiani kabla sikio halijamaliza kazi. Hivyo ndivyo walivyolelewa watoto wa kambi ya polisi. Baba yake, Oloya, alikuwa dereva wa lori la polisi, na nyumbani kwao amri ilikuja kwanza, swali likabaki nje ya mlango. Mimi nimelelewa Webuye na mama mwalimu, na kwetu ukitumwa chumvi unauliza kwanza ni ya mawe au ya unga. Ndiyo maana nilimpenda Aryemo, na ndiyo maana alinitia wazimu.

Baba yake alikuwa Mwacholi Mkatoliki, mama yake Mnubi Mwislamu. Idi na Krismasi zote zilipikwa katika nyumba ile, na ugomvi wote ulifanywa kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili cha Aryemo hakikuwa cha kupatania bei sokoni kama cha watu wengi wa Kampala. Kilikuwa lugha ya kulilia na kuchekea. Bwana Sifuna, meneja wetu, alimkuta kwenye duka la intaneti pale Kabalagala akiwachapia watu maombi ya kazi na papo hapo akimnakilia Mkongo mmoja sidi za muziki. Sifuna akaona mtu mmoja anafanya kazi ya wawili kwa mshahara wa mmoja. Akapanda naye ngazi hadi Redio Jirani, ghorofani juu ya wachoma nyama, ambako mimi nilikuwa nikiuza matangazo.

Sifuna ni mtu wa kwetu, Mbukusu, kwa hiyo namsema bila kuogopa. Ubahili wake una vidole. Mashine za kazi ya Aryemo zilikuwa mbili. Ya kwanza, tuliyoiita Moja, ilikuwa ya hewani. Kila kilichotoka redioni kilitoka humo. Ya pili, Mbili, ilikuwa ya kukata na kuunga sauti. Sifuna hakuona sababu ya kununua skrini mbili, kibodi mbili na mausi mbili kwa ajili ya msichana mmoja. Alinunua kisanduku cheusi chenye kitufe kimoja na taa mbili. Ukibonyeza, skrini na kibodi na mausi vyote vinahamia Mbili. Ukibonyeza tena, vinarudi Moja. Ile usiyoiona haisimami. Inaendelea na kazi yake kama sufuria uliyoiacha jikoni. Kisanduku hicho mimi nilikiita Ndumilakuwili, na jina likashika.

"Mshika mawili moja humponyoka," nilimwambia Aryemo wiki ya kwanza.

"Mimi nashika moja tu, dada," alinijibu. "Ile ingine inajishika."

Na kweli aliimudu kazi ile. Alikibonyeza kitufe kwa ubavu wa mkono bila kutazama, kisha akaitikisa mausi kidogo kuona yuko mashine ipi, ndipo akaanza kazi. Mtikiso ule ulikuwa kama bismillahi yake. Sijawahi kumwona akiusahau.

Vyuma vyenyewe vilikaa ndani ya kabati la nondo. Wezi walikuwa wametuingilia mara moja na kung'oa kumbukumbu za mashine, na tangu hapo Sifuna akaamua kufungia kila kitu: mashine mbili, betri ya akiba, hata waya wa sauti uendao hewani. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake pamoja na msalaba. Nje ya kabati vilibaki skrini, kibodi, mausi na Ndumilakuwili, na nyaya zilizopita katika tundu la ukubwa wa ngumi. Studio nayo ilifungwa kila mtangazaji alipotoka, ufunguo ukaenda naye.

Mtangazaji alikuwa Zubairi, Muganda mwenye sauti ya asali na ulimi wa kwao. Nyinyi mnaoishi na Waganda mnajua habari ya l na r. Redio kwa Zubairi ilikuwa ledio, mbili ilikuwa mbiri, na mahari, bila kukosa hata siku moja, ilikuwa mahali. Kwa majuma kadhaa kipindi chake cha Nyumba Yetu kilikuwa kikizungumzia mahari, na kila Ijumaa alifungua hivi: "Leo tena tunaongea mambo ya mahali." Ijumaa ya kwanza msikilizaji mmoja alipiga simu kuuliza ni mahali gani huko. Baadaye hakuna aliyeuliza tena. Sote tulijifunza kumsahihisha vichwani mwetu, na Aryemo kuliko sote, maana ndiye aliyeikata sauti yake kutwa kucha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu alipokaribia kufa.

Kulikuwa na mwanamke aitwaye Akullo, naye mtoto wa kambi ya askari. Mume wake, Ojera, alikuwa mwanajeshi wa zamani, sasa mlinzi wa maghala. Alimvunja mkono, Akullo akamkimbia na binti yao mdogo, Alanyo. Ojera akadai ng'ombe wake warudishwe. Miaka ile kudai mahari irudi lilikuwa jambo la kawaida kabisa, na ndugu zake Akullo, ambao hawakuwa na hata ndama wa kurudisha, walianza kumbembeleza arudi kwa mume. Ojera naye alishasema mbele yao kwamba akimpata safari hii hatashughulika na mkono. Nilimjua Akullo kanisani. Nilimtafutia chumba Port Bell, kule bandarini ziwani, nyuma ya ile reli inayoingiza mabehewa kwenye meli, kwa fundi cherehani aitwaye Rukiah. Tuliojua ni mimi, Rukiah, na Zubairi, aliyekwenda huko kumrekodi kwa ajili ya kipindi. Aryemo hakuambiwa kwamba mwanamke huyo amejificha. Hatukumficha kwa ubaya. Tulifikiri kadiri vinywa vilivyo vichache, ndivyo siri inavyodumu.

Katika mahojiano yale Akullo aliitwa Mama Neema. Sauti yake tuliiacha ilivyo, kwani tulipojaribu kuibadilisha alisikika kama bata. Sehemu kubwa ilikuwa ya ng'ombe wa mahari na yaliyowapata. Lakini mwishoni, Zubairi alipomuuliza habari za mtoto ili amalize kwa jambo jema, Akullo alisahau, akataja shule, akataja Port Bell, akamtaja na Rukiah kwa jina na kumshukuru. Zubairi aliligundua hilo akiwa njiani kurudi. Hakuhangaika. Aryemo angekata.

Ijumaa ya kurusha mahojiano hayo Zubairi alichelewa kufika. Adhana ilishaanza. Alimpa Aryemo kinasa sauti, akafunga studio, akaanza kushuka ngazi kwenda swala ya Ijumaa, na akiwa nusu ya ngazi akageuza shingo.

"Aryemo, nyabo! Kabla ya kulusha, toa mahali yote. Sikia? Yote!"

"Sawa, ssebo!" Aryemo akaitika, bibi kwa bwana, kama Waganda waitanavyo.

Mimi nilikuwa mjini kwa mteja wa magodoro, sikuwapo. Maneno hayo nilisimuliwa baadaye na wote wawili, na wote wawili walisimulia yaleyale. Kwa mara ya kwanza katika majuma yote yale, Zubairi alisema mahali na alikuwa na maana ya mahali. Aryemo akamsahihisha kama kawaida. Kiswahili cha shule kingemwokoa: mahali pote, mahari yote. Lakini Kampala hakuna pote wala zote wala vyote. Kila kitu ni yote, watu yote, vitabu yote. Na tena, wazee fulani walikuwa wamekuja ofisini juma lililotangulia kulalamika kwamba redio inawachochea wanawake kuhusu mahari. Aryemo akaona Sifuna amesalimu amri na Zubairi analeta agizo. Alikasirika, aliniambia, lakini amri ni amri.

Akakaa kwenye Mbili, akazikata sehemu za mahari moja baada ya nyingine. Alimsikia Akullo akitaja Port Bell na hakushtuka hata kidogo. Kwetu nani anaingia redioni asitaje anakotoka? Watu hutuma salamu kwa mtaa, kwa jirani, hadi kwa muuza mkaa. Akaiacha salamu ile. Akaipeleka sauti kwa Moja, akabonyeza kitufe, akatikisa mausi, akaanzisha kipindi hewani. Kisha akarudi Mbili kutengeneza tangazo la unga wa posho.

Nilipanda ngazi jasho likinitoka. Pale mapokezi tulikuwa na redio ndogo iliyokuwa wazi siku nzima. Nilimsikia Akullo akieleza jinsi anavyoamka, anavyofua, anavyomsuka mtoto. Nikavua viatu, nikangoja sehemu ya ng'ombe. Haikuja. Nilisikia maneno yakiruka, pale palipokatwa, kama mtu aliyekosa ngazi moja.

Nikaenda chumba cha mashine. "Aryemo, mbona ng'ombe hawapo?"

"Nimetoa. Zubairi alisema nitoe mahari."

"Zubairi? Zubairi aliyeapa kuirusha hata akizuiwa?"

"Alisema pale kwa ngazi. Toa mahari yote."

"Alisema mahari, au alisema mahali?"

Nikamwona anairudia ile sauti kichwani, safari hii bila kuisahihisha.

"Alisema mahali," akajibu taratibu. "Lakini si kila siku anasema mahali?"

"Aryemo, huyo mwanamke amejificha! Mumewe anamtafuta amuue! Port Bell umeitoa?"

Redio ya mapokezi ilikuwa ikituletea sauti ya Akullo akicheka, akisema mtoto siku hizi analala usiku mzima.

"Iko mbele," Aryemo akasema. "Baada ya mtoto kuanza shule."

"Basi zima!"

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye Ndumilakuwili. Alibonyeza kwa ubavu. Kitufe kikazama, na hakikurudi juu. Taa ya Mbili ikabaki inawaka. Akabonyeza tena kwa kidole, akabonyeza kwa kidole gumba, akakipiga kisanduku mezani. Kitufe kimelala ndani kama jino la mtoto lililorudi kwenye ufizi. Kwa muda mrefu kilikuwa kinasuasua, na kila tulipomwambia Sifuna alijibu kwamba kitakaa sawa chenyewe.

Kuna njia nyingine ya kukigeuza. Unagonga kitufe fulani cha kibodi mara mbili, nacho kinahama chenyewe. Lakini kibodi yetu Sifuna aliitoa kwenye lundo la mitumba la soko la Owino, na mahali pa kitufe hicho palikuwa na shimo. Aryemo alilichoma shimo lile kwa ncha ya kalamu. Wapi.

Nilikwenda kwenye mlango wa studio, kwenye swichi ya kukata sauti, nikaupiga teke, nikajiumiza kidole. Nilimpigia Zubairi, simu imezimwa, yuko msikitini. Nilimpigia Sifuna, anaongea na mwingine. Nilichomoa plagi ukutani kwa hasira, na sauti ya Akullo ikaendelea bila hata kukwaruza, kwa sababu betri ya akiba ilikuwa humo ndani ya nondo pamoja na mashine. Nikampigia Kasereka, Mkongo anayelinda mnara wetu kule kilimani.

"Kasereka, zima mtambo! Sasa hivi!"

"Mama Nanyama, miye siwezi zima. Patron Sifuna alisema, bila sauti yake, hapana gusa."

"Kuna mtu atakufa!"

"Nani?"

Nilimtukana, Mungu anisamehe, naye akakata.

Niliporudi, Aryemo alikuwa amekigeuza kisanduku, mgongo juu. Kutoka kila mashine zilikuja nyaya mbili: nene ya skrini, iliyokazwa kwa skrubu, na nyembamba ya kibodi na mausi.

"Hii kitu imekwama kwa Mbili," alisema, haongei nami wala nafsi yake. "Basi mimi naleta Moja kwa mlango ya Mbili."

Nilielewa. Ikiwa Ndumilakuwili anasikiliza mlango mmoja tu, tumlazimishe Moja apitie mlango huo. Alianza na waya nene, na skrubu zikakataa. Kucha yake ya kidole cha shahada ilivunjika, damu ikatoka. Redioni Zubairi alikuwa akicheka cheko lake la kufungia kipindi. "Na mtoto je, mama? Mtoto hali yake?"

"Aryemo!"

"Nimesikia."

Akaziacha za skrini. Akachomoa waya nyembamba ya Mbili, akachomoa ya Moja, akaichomeka hii pale ilipokuwa ile. Skrini mbele yetu ikaendelea kutuonyesha Mbili na tangazo la unga, lakini kibodi sasa ilikuwa imeshikwa na Moja. Ilimbidi aendeshe mashine asiyoiona. Hata mausi haikuwa na maana. Angeitikisa, nini kingemwonyesha? Nilimwona mkono unaikaribia kwa mazoea, kisha ukarudi.

Akabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, ambacho husimamisha sauti.

"Mtoto yuko salama," Akullo akasema redioni. "Anakula vizuri."

Akabonyeza tena. Hakuna kitu. Labda waya haikushika, nikafikiri. Labda Moja ilikuwa imeikataa kibodi. Nilimshika Aryemo bega, nikamminya bila kujua, na baadaye alikuwa na alama. Nilikuwa nikiomba, na wakati huohuo nilikuwa nikimlaani Zubairi na ulimi wake, Sifuna na nondo zake, na Waganda wote na l yao.

Aryemo alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilicheza. Alikuwa akijaribu kuiona Moja kama alivyoiacha.

"Dawa ya virusi," akasema.

"Nini?"

"Ijumaa inaleta dirisha kwa skrini ya Moja. Inakaa mbele ya kila kitu."

Redioni: "Ameanza na shule. Ako hapa karibu tu, hapa..."

Akagonga kitufe cha pembeni, cha kufukuzia madirisha. Kisha kile kirefu.

Kimya.

Redio ya mapokezi ilibaki inaunguruma tupu. Chini tuliwasikia wachoma nyama wakigongagonga mabao yao. Aryemo aliinua mikono yote miwili juu ya kibodi na kuiacha hewani, kama mtu aliyeelekezewa bunduki, kwa sababu kitufe chochote ambacho angekigusa sasa kingeweza kumrudisha Akullo. Sikujua kama nalia mpaka nilipovuta kamasi.

Simu ikaita. Sifuna.

"Nanyama, kwani mmelala? Redio iko kimya! Mnaniua!"

"Hatujamuua mtu," nilimwambia, nikakata. Ni mara pekee nilipomkatia simu.

Nilileta kisu cha mezani, tukalegeza skrubu, tukahamisha na waya ya skrini. Moja ikatokea mbele yetu. Kipindi kilikuwa kimesimama, mstari wa sauti umekatika kabla ya ile sehemu yenye jina. Aryemo akakifuta hapohapo, akaweka muziki.

Simu ya ofisi ikaita tena. Nikadhani ni Sifuna. Nikapokea nikiwa tayari kwa vita.

"Jambo, mama. Hapo ni redio ya Nyumba Yetu?" Sauti ya mwanamume, ya upole, Kiswahili cha kambini.

"Ndiyo, bwana."

"Ile mama alikuwa anaongea. Mumekata yeye."

"Mtambo umeharibika. Tunaomba radhi."

"Pole sana. Mimi nilikuwa nasikia vizuri tu. Nilitaka kujua Alanyo anasoma shule gani."

Katika kipindi kizima hakuna aliyetaja jina la mtoto. Aryemo alinitazama, akauliza kwa macho, nami nikaitikia kwa kichwa.

"Sijui, bwana," nikasema.

"Haina shida. Nyinyi muko Kabalagala, si ndiyo? Nakuja."

Zubairi alitukuta tukishuka ngazi, kofia bado kichwani, uso umetakata kwa swala. Nilimweleza kwa maneno machache na makali. Aliketi palepale kwenye ngazi.

"Lakini mimi nilisema mahali!"

"Ndiyo," nikamjibu. "Ulisema mahali. Sasa funga geti la chini na usimfungulie mtu hata akisema ni malaika."

Tulipanda bodaboda moja, sisi wawili na dereva, mimi katikati. Nilitazama nyuma njia nzima. Kila mwanamume mwenye pikipiki nilimwona ni Ojera, ingawa kwa akili nilijua yeye anaelekea tulikotoka. Aryemo alikuwa amekifunga kidole chake chenye damu kwa ukanda wa karatasi.

Akullo alikuwa mlangoni kwa Rukiah. Begi limeshafungwa. Sare ya shule ya mtoto imekunjwa juu yake, na Alanyo amekaa kando akila muhogo. Rukiah alikuwa ameacha cherehani katikati ya pindo.

"Redio ilinyamaza," Akullo akasema. "Nikajua kuna kitu."

Nikamwambia yote, na Aryemo alikuwa nani. Nilimwambia kwamba jina la Port Bell halikutoka, ila Ojera alisikia sauti yake na alipiga simu, na kwamba tutaondoka sasa hivi kwenda kwa dada mmoja wa kanisani, ng'ambo ya mji. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Hakulia. Alimgeukia Aryemo, mtoto wa kambi kama yeye, na akamuuliza swali ambalo mimi sikulitegemea.

"Na ile ya ng'ombe? Alisikia ile ya ng'ombe?"

Aryemo alitazama chini. "Hapana, dada. Nilitoa. Nilitoa yote."

"Yote?"

"Nisamehe. Nilifikiri ndiyo walitaka."

Akullo akaketi juu ya begi lake. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona uso wake umevunjika. "Basi hajasikia kitu," akasema. "Amesikia nafua nguo. Mimi nilikubali kuongea juu ya ile moja tu. Nilitaka asikie kwa mdomo yangu, na kila mtu asikie pamoja na yeye."

"Akullo, twende," nikasema. "Tutaongea huko mbele."

"Nitakwenda, mama Nanyama. Sitakaa." Akainuka, akamsogelea Aryemo. "Simu yako inarekodi?"

Aryemo hakuuliza kwa nini. Alishaitoa mfukoni. Akaifuta damu kwenye kioo chake kwa upindo wa blauzi, akaibonyeza, akaishika karibu na mdomo wa Akullo. Dereva wa bodaboda alizima injini bila kuambiwa. Rukiah akamvuta Alanyo ndani.

Akullo akavuta pumzi.

"Ojera," akasema, "ile ng'ombe yako yote ilikufa. Mimi sijakufa."